Moyo umekauka, ahadi za Mungu hazigusi tena: uzi wa kusaidiana namna ya kuzishika

MwalimuWaKimara #1

Wapendwa, Bwana asifiwe.

Uzi huu ni kwa yule ambaye bado anakwenda ibadani, anaimba, anatoa zaka, lakini ndani kumekauka. Anafungua Biblia, maneno yanapita tu. Mhubiri akisema "Mungu ni mwaminifu" anaitikia amina kwa sababu jirani ameitikia. Ni pia kwa yule aliyeacha kuja kimya kimya na hakuna aliyemuuliza.

Kwenye madarasa ya Biblia hapa Dar swali hili halikosekani, na jibu linalozoeleka ni "ongeza imani, funga, kesha". Nadhani tunaanzia pabaya. Kabla hujamwambia mtu ashike ahadi, hakikisha anajua ameahidiwa nini. Wengi waliovunjika moyo walivunjwa na neno ambalo Mungu hakuwaambia, au alilosema kweli lakini wao wakalipangia tarehe.

Chukua mstari unaoandikwa kwenye vioo vya daladala na kalenda za mwaka mpya, Yeremia 29:11: "Maana nayajua mawazo ninayowawazia ninyi, asema Bwana, ni mawazo ya amani wala si ya mabaya." Sasa usome pamoja na sura ya 28. Mwaka 597 kabla ya Kristo kundi la kwanza kubwa la watu wa Yerusalemu lilipelekwa Babeli, pamoja na mfalme wao kijana. Nabii Hanania akasimama hekaluni na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili vyombo vya hekalu na mateka wote watarudi (28:3-4). Akaivunja hata ile nira aliyoivaa Yeremia shingoni kama ishara ya kuitumikia Babeli. Bila shaka watu walifurahi.

Yeremia yeye akawaandikia mateka barua: jengeni nyumba mkae, pandeni bustani mle matunda yake, oeni, zaeni, uombeeni amani mji ule mliopelekwa, miaka ni 70. Mstari wa 11 umo ndani ya barua hiyo, mara tu baada ya hiyo miaka 70. Aliyeipokea akiwa na miaka 40 alielewa kwamba yeye hatarudi, watarudi wajukuu. Na bado Mungu aliyaita hayo mawazo ya amani. Aliyeshika neno la Hanania, miaka miwili ilipokwisha alibaki mikono mitupu na huenda alimlaumu Mungu kwa jambo ambalo Mungu hakulisema.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni ya daftari. Gawa ukurasa katikati. Kushoto andika kila unachoamini Mungu amekuahidi, hata kile unachoona aibu kukitamka: ndoa, mtoto, kazi, uponyaji wa mama. Kulia andika kimetoka wapi: sura na mstari, au ndoto, au mahubiri, au mtu alikuambia. Sehemu ya kulia ikiwa tupu, weka alama. Hujaambiwa uache kuliomba jambo hilo. Liombe, lakini liite ombi, usiliite ahadi. Tofauti hiyo peke yake huwashusha wengi mzigo mkubwa.

Palipo na mstari, usome na sura yake nzima, kisha uuulize maswali.

Aliambiwa nani? Ibrahimu aliahidiwa mwana, na wakati ukatajwa (Mwanzo 18:10). Hiyo ilikuwa ya Ibrahimu na Sara. Yoshua aliambiwa "sitakupungukia wala sitakuacha" (Yoshua 1:5), nalo pia lilikuwa neno la mtu mmoja, ila Waebrania 13:5 inalichukua na kulikabidhi kwa waamini wote. Mahali Agano Jipya linapolipanua neno namna hiyo, ingia kwa ujasiri.

Lina sharti? 1 Yohana 1:9 inasema "tukiziungama". Mtu anayeficha dhambi halafu anashangaa mbona hana amani ameruka nusu ya kwanza ya sentensi.

Ni la lini? Kufutwa kila chozi na kukoma kwa mauti (Ufunuo 21:4) ni la mbingu mpya na nchi mpya. Ukilidai lote leo, msiba wa kwanza utakuangusha.

Na linaahidi nini hasa? Zaburi 23:4 inaahidi kwamba katika bonde la uvuli wa mauti hutakuwa peke yako. Haisemi utapitishwa barabara nyingine. Isaya 43:2 inasema "upitapo katika maji mengi". Warumi 8:28 inazungumza mema, na mstari wa 29 unaeleza mema hayo ni nini: kufananishwa na mfano wa Mwana wake. Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote", inatoka kwa mtu aliyesema mstari mmoja nyuma kwamba amejifunza kushiba na kuona njaa.

Baada ya kuchuja hivyo utabaki na chache, na chache ndizo zinazoshikika. Kwa mtu aliyechoka hupendekezwa tano tu: Waebrania 13:5 (hataniacha), 1 Yohana 1:9 (atanisamehe nikiungama), Yohana 6:37 (nikija hatanitupa nje), Warumi 8:38-39 (hakuna cha kunitenga na upendo wake), Wafilipi 1:6 (alichoanza atakimaliza). Orodha za ahadi mia zinazozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp humchosha mgonjwa. Tano zinatosha mwaka mzima.

Karibuni mchangie.

---

Dada_Tegeta #2

Asante mwalimu. Swali: vipi kuhusu unabii wa kwenye mkesha? Mtu ameitwa mbele, ameambiwa "ndani ya miezi mitatu Mungu anakupa kazi", kanisa zima limeshangilia. Miezi imepita. Akiuliza anaambiwa imani yake ilitetereka, au atoe sadaka nyingine ya kulihuisha neno. Mtu kama huyo anaanzia wapi? Maana kukata tamaa kwake kunatoka hapo hapo madhabahuni.

---

MwalimuWaKimara #3

Dada Tegeta, aanze na Kumbukumbu la Torati 18:21-22. Watu wa zamani nao waliuliza tutalijuaje neno ambalo Bwana hakulinena, wakajibiwa kwamba nabii akinena kwa jina la Bwana na jambo lisifuate wala kutimia, basi amelinena kwa kujikinai, yaani kwa kiburi chake mwenyewe. Angalia mzigo umewekwa kwa nani. Umewekwa kwa aliyenena. Hakuna mahali aliyesikiliza anaambiwa alikuwa na imani ndogo ndiyo maana unabii ukashindikana.

Paulo naye anashika pande zote mbili kwenye 1 Wathesalonike 5:20-21: msitweze unabii, jaribuni mambo yote, lishikeni lililo jema. Kanisa linalopokea unabii bila kuujaribu limetii nusu.

Kwa vitendo: aandike maneno yenyewe yalivyotamkwa, siku, na kama pesa ilihusishwa. Ampelekee mzee wa kanisa au mwalimu aliyekomaa ambaye hafaidiki na majibu. Asitoe shilingi zaidi kwa ajili ya neno hilo, na kodi ya nyumba na ada ya mtoto zisiguswe. Kisha arudi kwenye zile tano na azisome taratibu, kwa sababu kuna hatari atupe vyote kwa pamoja: akiona neno la mtu limeanguka, anahesabu na neno la Mungu limeanguka. Hiyo ndiyo hasara kubwa, kubwa kuliko ile pesa.

---

Katekista_Mbagala #4

Tumsifu Yesu Kristo.

Naongeza upande ambao mwalimu hajaugusa. Kuna ukame usiotokana na kushika ahadi isiyo yako. Mtu anajua Maandiko, anaungama, anapokea Ekaristi, na bado hasikii kitu. Mapokeo ya Kanisa yamelishughulikia jambo hili kwa muda mrefu sana, tangu wamonaki wa jangwa la Misri karne ya 4.

Mtakatifu Inyasi wa Loyola (1491-1556), mwanzilishi wa Wajesuiti, hao wenye shule ya Loyola pale Mabibo, aliacha kanuni za kupambanua roho. Alitaja sababu tatu za ukame. Ya kwanza ni uzembe wetu: sala zimerukwa, kitubio kimeahirishwa, simu imekula usiku. Hiyo tiba yake ni kurudi tu. Ya pili ni Mungu kutuacha tujue tunamtumikia kiasi gani pale ambapo hakuna utamu. Ya tatu ni kutufundisha kwamba faraja ni zawadi, hatuitengenezi kwa bidii zetu. Ukichunguza dhamiri kwa uaminifu na sababu ya kwanza ukaikosa, usiendelee kuitafuta kwa nguvu. Watu hujitesa mwaka mzima wakisaka dhambi ambayo haipo.

Kanuni yake inayosaidia zaidi ni hii: wakati wa ukame usibadili uamuzi uliofanya kabla ya ukame. Usijiuzulu kwaya, usihame parokia, usivunje uchumba, usiache nadhiri, usitangaze kwenye jumuiya kwamba huji tena. Andika uamuzi huo kwenye karatasi, weka tarehe, utaujadili baadaye ukiwa na utulivu na mtu wa kukuongoza. Sababu ni nyepesi kuelewa: mtu aliye gizani anaona giza kila anakoangalia, kwa hiyo kila mlango wa kutokea unaonekana mzuri.

Na kuhusu muda wa sala: kama ulikuwa unasali dakika 15, kaa hizo 15, na uongeze moja. Usiongeze saa nzima, utashindwa siku ya pili na kujilaumu siku ya tatu. Hiyo dakika moja ni ya kuuambia ukame kwamba si wenyewe unaopanga ratiba.

Wanaodhani kutosikia faraja ni dalili ya kukataliwa wamwangalie Mama Teresa wa Calcutta. Barua zake zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilionyesha kwamba kwa miongo kadhaa alisali bila kuhisi uwepo wa Mungu. Hakuacha kusali, na hakuacha kuwaosha maskini. Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2016 likiwa linazijua barua hizo.

---

Nesi_Upanga #5

Nawasalimu wote. Naomba mwili usisahauliwe hapa.

Someni 1 Wafalme 19 polepole. Eliya ametoka kuona moto ukishuka Karmeli sura moja nyuma. Amekimbia, amemwacha mtumishi wake Beer-sheba, ameingia jangwani peke yake, ameketi chini ya mretemu na kuomba afe. Mungu hamhubirii. Anamwacha alale. Malaika anamgusa: "Inuka, ule." Mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Analala tena. Anaamshwa mara ya pili, anakula tena, na anaambiwa safari ni kubwa mno kwake. Mazungumzo yanakuja baadaye sana, Horebu, baada ya mwendo wa siku 40. Huko anaulizwa mara mbili "unafanya nini hapa, Eliya?" na anaachwa aseme yote. Kisha hesabu yake inasahihishwa: alisema amesalia peke yake, Mungu akasema anao 7,000. Anapewa kazi, na anapewa Elisha wa kutembea naye.

Utaratibu huo ufuatwe hivyo hivyo. Usingizi na chakula kwanza. Mtu anayetoka Chanika saa 10 alfajiri, anarudi saa 3 usiku, Ijumaa yuko kwenye mkesha mpaka asubuhi, Jumamosi mazoezi ya kwaya, Jumapili ibada mbili: huyo akisema hamsikii Mungu, alale usiku tatu mfululizo, kwa muda wa saa saba au nane kila usiku, kabla hatujamtafutia sababu nyingine. Angalieni pia anguko la Eliya lilikuja baada ya ushindi. Wiki inayofuata semina kubwa au mkutano wa Injili ni wiki ya hatari kwa watumishi, wapangiwe mapumziko.

Kama uchovu hauishi, apime wingi wa damu, sukari na presha. Upungufu wa damu peke yake unaweza kumfanya mtu ashindwe hata kupiga magoti.

Sasa sonona. Huzuni au kukosa hamu na mambo yote, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, pamoja na usingizi kuharibika, hamu ya kula kubadilika, kujiona hufai, kushindwa kufikiri, hapo unahitaji mtaalamu pamoja na mchungaji. Anzeni na hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Amana, Temeke au Mwananyamala. Muhimbili kuna idara ya magonjwa ya akili. Akisema anataka kufa, au "mngekuwa na nafuu bila mimi", asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Muulizeni waziwazi kama amefikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo hilo. Ondoeni sumu ya panya na dawa nyingi pale chumbani, mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na kufunga: mwenye kisukari anayetumia dawa, mjamzito, mwenye vidonda vya tumbo, na aliyekwisha kupungua kwa kutokula, wasifunge chakula bila kuongea na daktari. Dawa za presha, kifafa, sonona au ARV hazisimamishwi kwa sababu mtu ameombewa. Akipona, kipimo kitasema, na daktari ndiye atazipunguza.

---

Mpendwa_Tabata #6

Amina, lakini kuna kitu kinanisumbua kwenye uzi huu. Mithali 18:21, mauti na uzima huwa katika uwezo wa ulimi. Mkimwambia mtu aandike anachoona kimeshindikana, aseme hamsikii Mungu, si mnamfundisha kukiri kushindwa? Wana wa Israeli walinung'unika jangwani na kizazi kile kikaangamia. Mimi nasema mtu atamke ushindi hata kama hauoni. Imani ni bayana ya mambo yasiyoonekana.

---

MwalimuWaKimara #7

Kaka, swali lako linastahili kujibiwa kwa utulivu, maana wengi wamefungwa mdomo na hofu hiyo hiyo.

Fungua Hesabu 14. Israeli waliwanung'unikia Musa na Haruni, wakamsema Mungu kwamba amewaleta wafe, wakaazimia kuchagua kiongozi wawarudishe Misri. Walimpa Mungu kisogo. Daudi kwenye Zaburi ya 13 anasema maneno makali kuliko yao, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?", ila anayasema uso kwa uso na Mungu. "Hata lini" anairudia mara nne kwenye mistari miwili. Maneno hayo yamewekwa kwenye kitabu cha nyimbo za hekalu, yaimbwe. Zaidi ya theluthi ya Zaburi ni za namna hiyo. Kama ingekuwa ni kukiri kushindwa, Roho Mtakatifu asingetuandikia maombi ya kushindwa mengi kiasi hicho.

Kwa anayetaka kujifunza, Zaburi ya 13 ni fupi, mistari sita, na imegawanyika vizuri. Mistari ya 1-2 ni malalamiko. Ya 3-4 ni ombi: uangalie, uniitikie, uyatie nuru macho yangu. Ya 5-6 ni tumaini: "Nami nimezitumainia fadhili zako." Chukua karatasi, andika yako kwa mgawanyo huo.

Kwenye malalamiko, taja jambo lenyewe. "Bwana nimechoka" ni pana mno. Andika "Bwana, tangu nilipoachishwa kazi sijapata kibarua na naona aibu kukutana na mwenye nyumba". Andika mpaka uishiwe. Kwenye ombi, omba vitu viwili au vitatu, cha leo kiwemo. Kwenye tumaini usilazimishe hisia. Nakili moja ya zile ahadi tano kama ilivyo, kisha andika "nimeitumainia" hata kama mkono unatetemeka. Yule baba wa Marko 9:24 alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", sentensi yenye pande zote mbili, na mwanawe akaponywa. Yesu hakumrudisha nyumbani akaongeze imani kwanza.

Watu hukosea sehemu mbili hapa. Wengine huruka malalamiko na kuanzia mstari wa 5, kisha wanashangaa mbona maneno hayana uzito. Wengine huishia mstari wa 2 kila siku, na baada ya mwezi maombi yamekuwa kuzungusha jeraha. Ukijiona uko huku, andika malalamiko mistari mitatu tu kisha uhamie kwenye ombi.

Na zikija siku ambazo hata mstari wa 5 hautoki, ipo Zaburi ya 88. Ndiyo Zaburi nzito kuliko zote, inaishia gizani, haina "lakini" ya mwishoni. Ila mstari wake wa kwanza unamwita "Bwana, Mungu wa wokovu wangu". Omba hiyo na ulale. Umeomba.

Yohana Mbatizaji naye alituma watu kutoka gerezani kuuliza "Wewe ndiye yule ajaye, au tumtazamie mwingine?" (Mathayo 11:3). Yesu alimjibu kwa kazi alizokuwa akizifanya, kisha akawaambia makutano hajaondokea mkuu kuliko Yohana. Aliyeuliza akiwa kwenye giza la gereza hakuhesabiwa mnung'unikaji.

---

Mpendwa_Tabata #8

Nimekuelewa mwalimu. La Hesabu 14 na Zaburi 13 sikuwahi kuliweka hivyo, kwamba tofauti ni unamwambia nani. Basi nami naomba mlipokee la kwangu: zaburi na ahadi hizo zisomwe kwa sauti. Imani chanzo chake ni kusikia (Warumi 10:17). Mtu aliyekauka akisoma kimya macho yanatembea na akili iko kwenye madeni. Asome kwa sauti anayoisikia mwenyewe. Mwimbaji wa Zaburi anaiambia nafsi yake mwenyewe "kwa nini kuinama?" kwenye Zaburi 42:5, tena 42:11, tena 43:5. Anaihubiria, halafu inainama tena, anaihubiria tena.

---

MwalimuWaKimara #9

Hilo tunalipokea kwa mikono miwili, kaka. Na umeona kitu muhimu: kiitikio kimerudi mara tatu. Hakuna aliyetarajia nafsi iinuke mara moja.

---

Mzee_Magomeni #10

Bwana Yesu asifiwe sana, wanangu. Mmesema ya mtu mwenyewe, mimi niseme ya sisi tunaokwenda kumwona.

Rafiki za Ayubu walifanya vema siku saba, walipoketi naye chini bila kusema neno (Ayubu 2:13). Waliharibu walipofungua vinywa. Kwa hiyo mkienda kutoka kwenye jumuiya, nendeni wawili, watatu wakizidi. Kundi la watu kumi na tano wenye gitaa ni ziara ya mgonjwa aliyepona. Kaeni nusu saa. Pelekeni kitu: unga, sukari, vocha ya umeme. Malaika wa Eliya alitangulia na mkate.

Msiseme "kila jambo lina sababu". Msiseme "kuna wenye matatizo kuliko wewe". Msimuulize amekosea wapi. Muulizeni, "Tukuombee nini hasa?", na mkishaambiwa ombeni hilo hilo, kwa maneno machache, bila kumhubiria ndani ya maombi; watu wanajua ombi linapokuwa limeelekezwa kwao badala ya kwa Mungu. Someni zaburi moja. Agizeni siku ya kurudi na mrudi siku hiyo. Aliyevunjika moyo anahesabu siku mlizomwahidi, na mkizikosa mmemwongezea.

Marko 2 wapo wanne waliomchukua yule mwenye kupooza. Maandiko yanasema Yesu "alipoiona imani yao". Kuna majira mtu anabebwa na imani ya wenzake, na hakuna ubaya. Kama hawezi kuimba, aje akae, wengine wataimba. Mwacheni akae kiti cha nyuma karibu na mlango, na msimtangaze kwenye kipaza sauti kwamba "amerudi".

La mwisho kwangu ni Waebrania 11:13. Hawa wote wakafa katika imani, wasijazipokea zile ahadi, bali waliziona tokea mbali. Sisi wazee tunaisoma tofauti na vijana. Ibrahimu aliitwa ana miaka 75, Isaka akazaliwa ana 100, na katikati, akiwa na 86, akazaliwa Ishmaeli, matokeo ya kutaka kumsaidia Mungu. Yusufu alikuwa na miaka 17 alipoota na 30 aliposimama mbele ya Farao, na kati ya hapo mnyweshaji alimsahau miaka miwili mizima. Wafundisheni vijana hesabu hizi mapema, kabla hawajachoka. Ukimfundisha akiwa ameshaanguka anasikia kama unamcheka.

---

ZamuYaUsiku #11

Shikamoo mzee. Wakuu, yote mazuri, lakini mlinzi, nesi au boda wa usiku hana hiyo "asubuhi na mapema na Bwana". Na wa mchana naye amesimama kwenye gari Mbagala mpaka Posta ameshika bomba. Daftari atalishika na mkono upi? Tupeni ratiba ya mtu wa kawaida.

---

Katekista_Mbagala #12

Ndugu, ratiba ya mtu aliyechoka iwe fupi kiasi kwamba hata siku mbaya inawezekana.

Zaburi moja kwa wiki nzima, ileile. Wiki ya kwanza 13. Ya pili 42 na 43, zisomwe kama moja. Ya tatu 77, ambapo Asafu anauliza wazi kama ahadi ya Mungu imekoma, kisha anaanza kukumbuka matendo ya zamani, hadi Bahari ya Shamu. Ya nne 73, ya mtu anayewaonea wivu waovu wanaofanikiwa, kwa jiji hili inatufaa sana. Ukimaliza rudi 13. Pamoja na zaburi, ahadi moja kati ya zile tano za mwalimu kila wiki, kwa kichwa.

Ukiamka, kabla ya kugusa simu, tamka hiyo ahadi kwa sauti mara moja. Kwenye gari usisome, sikiliza. Biblia za kusikiliza kwa Kiswahili zipo bure kwenye programu za simu. Pakua zaburi zako nne mahali penye WiFi, bando lisiishe. Weka spika ya sikio moja tu, usikie kituo chako na ulinde mfuko. Saa ya chakula, kwa wanaofanya kazi mjini, makanisa ya Mtakatifu Yosefu na Azania Front yako karibu na Kivukoni. Mlango ukiwa wazi ingia ukae dakika kumi bila kusema kitu. Daftari liwe la jioni, siku mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili. Siku nyingine usiandike.

---

Nesi_Upanga #13

Kwa wa zamu ya usiku: "asubuhi" yako ni saa unayoamka, hata ikiwa saa 9 alasiri. Ukitoka zamu usianze maombi marefu, kunywa maji, kula kidogo, sema ile ahadi yako, ulale. Funika dirisha kwa kanga nzito, joto na mwanga vya Dar vinakata usingizi. Zaburi na daftari ni baada ya kuamka na kuoga. Siku yako ya mapumziko isiwe siku ya mkesha, angalau miezi miwili ya mwanzo. Mwambie kiongozi wako wa seli au jumuiya ratiba ya zamu yako ili asikuandike mtoro, na mpangiane siku moja ya kupigiana simu kwa mwezi.

---

ZamuYaUsiku #14

Nimeshika. Naanza na 13.

---

Dada_Tegeta #15

Mzee Magomeni, naomba nikuulize jambo moja. Mkienda kumwona mtu na akagoma kufungua mlango mnafanyaje?

---

Mzee_Magomeni #16

Mwanangu, mnabisha hodi mara tatu, mnasema majina yenu ili ajue si wadai. Asipofungua, acheni mfuko wa unga kwa jirani mnayemwamini pamoja na karatasi yenye majina na siku mtakayorudi. Msiandike mahubiri kwenye karatasi hiyo. Muulizeni jirani lini amemwona mara ya mwisho. Ikiwa ni zaidi ya siku moja, msiondoke. Mwiteni ndugu yake au mjumbe wa shina, mlango ufunguliwe. Ikiwa alimwona asubuhi akichota maji, nendeni, na mrudi siku mliyoandika.